Nataka kujifungulia nyumbani, na mama mkwe anataka mtoto anywe maziwa ya mbuzi

Shikamoo Shangazi, na kamwene, salamu ya kwetu, kutoka Kilolo mkoani Iringa.

Mimi ni mama wa miaka 27, nimeolewa, na tunaishi katika kijiji kimoja cha milimani ambako mwezi wa Juni na Julai baridi hukaza mpaka maji ya ndoo yanauma vidole. Mume wangu na mimi tunalima mahindi, maharage na viazi mviringo, lakini fedha ya matumizi ya kila siku inatoka kwa mbuzi. Tulianza na majike wachache wa kienyeji tuliopewa na baba mkwe tulipooana, baadaye tukapata beberu chotara wa Saanen, ile aina ya mbuzi wa maziwa, na sasa tuna banda la mabanzi lililoinuliwa kutoka chini. Tunakamua asubuhi na jioni, na majirani wanakuja na vidumu vyao kununua maziwa kwa ajili ya wazee, wagonjwa na watoto. Kazi ya bandani ni yangu, wakati mume wangu anakata majani na kusimamia shamba.

Nina mtoto wa kike wa miaka minne, na sasa nina mimba ya miezi saba. Natarajia kujifungua Januari, Mungu akipenda. Yule wa kwanza nilimzaa katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma likachelewa, damu ikanitoka nyingi, wakanitundikia dripu na mwishowe daktari akalitoa kwa mkono. Maumivu yale nimekwisha kuyasahau. Ambacho sijasahau ni muuguzi aliyenigombeza mbele ya wanawake wenzangu kwamba ninajidekeza, na kwamba kama sikutaka kuumia ningebaki kwetu nisiolewe. Nilitoka pale nikiapa moyoni kwamba sitarudi.

Tangu mwaka jana niko katika kikundi cha maombi cha kanisani kwetu. Dada mmoja humo, mama wa watoto wengi ninayemheshimu sana, anasema mwanamke aliumbwa kuzaa kama viumbe wengine wote, kwamba Maria alimzaa Bwana zizini bila daktari, na kwamba anayekimbilia hospitali kabla hajaugua ni kama anamwambia Mungu kwamba hamwamini. Nikiwaangalia mbuzi wangu, maneno hayo yananiingia. Jioni namwacha jike akihangaika, asubuhi nakuta kitoto kimekwisha kusimama na kinanyonya. Nami natamani kuzaa kwa njia ya asili, nyumbani, na kunyonyesha kwa njia ya asili bila kopo la dukani. Mume wangu anasema uamuzi ni wangu.

Mama mkwe anakubali nizalie nyumbani, ila katika kunyonyesha tunapishana. Anasema mtoto wa kwanza alilia sana kwa sababu maziwa yangu ni mepesi, na kwamba safari hii mtoto akitimiza miezi miwili aanzishwe maziwa ya mbuzi na uji mwepesi. Akiona ninasitasita, hunisomea Mithali sura ya 27, pale panaposema kwamba maziwa ya mbuzi yatakutosha kwa chakula chako na cha watu wa nyumbani mwako. Shangazi, huyu mama ndiye aliyenipokea na kunifundisha mambo ya nyumba nilipoingia katika ukoo huu, na sitaki kumvunjia heshima.

Jambo lingine ni kwamba mwaka huu mwili wangu hauna nguvu. Jioni homa inapanda, usiku natoka jasho mpaka khanga inalowa, asubuhi naamka nafuu ila viungo na kiuno vinauma. Nilipima malaria zahanati, haikuonekana, na tumeliombea. Huenda ni uchovu tu, maana mwezi uliopita mbuzi wawili walitupa mimba zikiwa zimekaribia kuzaliwa, nikakesha nao nikiwatoa makondo yaliyokwama. Tumepanga kuwauza hao wawili kabla ya Krismasi tupate fedha ya vitu vya mtoto.

Naomba uniambie kama kweli kwenda hospitali ni kukosa imani, na nizungumze vipi na mama.

Mama wa mbuzi, Kilolo

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, kamwene nawe.

Umeniuliza juu ya imani na juu ya mama mkwe wako, na nitakujibu yote mawili. Lakini lililonifanya niitoe barua yako katikati ya nyingine na kuijibu kwanza ni lile uliloliweka mwishoni kana kwamba ni la kupita, yaani homa ya jioni, jasho la usiku, na mbuzi wawili waliotupa mimba mikononi mwako. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kesho asubuhi nenda hospitali, na ukifika kwa daktari, kabla hujaanza kueleza homa, mwambie hivi: mimi ni mjamzito wa miezi saba, ninafuga mbuzi, wawili walitupa mimba mwezi uliopita, na niliwatoa kondo kwa mikono mitupu. Ukisema homa peke yake utapimwa malaria na taifodi, utaambiwa huna, utapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani na ugonjwa wako.

Upo ugonjwa wa mbuzi, kondoo na ng'ombe unaoitwa brusela, ambao wafugaji wengi huuita ugonjwa wa kutupa mimba kwa sababu ndivyo unavyojitambulisha bandani: jike mwenye afya nzuri anatupa mimba katika miezi ya mwisho, kondo linakawia kutoka, na baada ya muda mwenzake naye anafuata. Vijidudu vyake hujaa kwa wingi mno katika kitoto kilichotupwa, katika kondo na katika majimaji yake, na huendelea kutoka katika maziwa. Mtu huambukizwa kwa kugusa vitu hivyo akiwa na mchubuko mkononi, kwa majimaji kumrukia machoni, kwa kuvuta hewa ya banda wakati wa kazi hiyo, au kwa kunywa maziwa mabichi. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo, na kwa mjamzito unaweza kuharibu mimba. Unatibika, lakini matibabu huchukua wiki kadhaa, na zipo dawa ambazo wagonjwa wengine hupewa na mjamzito hapewi. Kwa hiyo usikubali dawa ya jirani aliyewahi kuugua, wala sindano ya duka la dawa.

Sisemi kwamba unayo brusela. Barua haipimi damu, na homa katika mimba ina sababu nyingi, hata maambukizi ya njia ya mkojo. Mbuzi nao hutupa mimba kwa homa ya Q, kwa toksoplasma inayoenezwa na paka, kwa njaa, au kwa kupigwa pembe na mwenzao. Ninachosema ni kwamba homa na mimba zilizotupwa zinaweza kuwa jambo moja, na mpaka sasa hakuna aliyeziweka pamoja mbele ya daktari.

Kuanzia leo pia, mwanangu, wewe si mtu wa kuingia banda la uzazi. Atakayeshughulikia jike anayezaa au kutupa mimba ni mume wako, akiwa na glavu, buti na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Kitoto kilichokufa, kondo na nyasi zilizolowa vichomwe, au vifukiwe katika shimo refu lenye chokaa ambalo mbwa hawezi kufukua. Buti na nguo za kazi zifuliwe na yeye mwenyewe, zisichanganywe na nguo za mtoto. Wale majike wawili watengwe, na afisa mifugo wa kata aitwe achukue sampuli, kwa sababu hata yeye hawezi kujua chanzo kwa kuwatazama tu. Akikuta kwamba ni brusela, mjiandae kusikia kwamba mbuzi hawatibiwi kwa ugonjwa huu bali huondolewa kundini. Najua mbuzi wa maziwa ni fedha, na najua maneno haya yanauma.

Maziwa nayo yachemshwe mpaka yainuke sufuriani, kila siku, kwa kila mtu, pamoja na huyo binti yako wa miaka minne ambaye bila shaka hupewa kikombe cha joto palepale pa kukamulia. Anayependa mtindi achemshe kwanza, ayaache yapoe, ndipo agandishe, kwani uchachu si wa kutegemewa kuua vijidudu hivi. Kisha waambieni ukweli majirani wenye vidumu. Umeandika kwamba wananunua kwa ajili ya wazee, wagonjwa na watoto, nao ndio watu ambao hawapaswi kabisa kunywa maziwa mabichi kutoka katika banda lenye mbuzi wanaotupa mimba. Mtapoteza wateja wawili watatu. Heri hao kuliko mtoto wa jirani kuugua kwa maziwa yenu.

Sasa nije kwenye uzazi. Dada wa maombi anakuambia uzae kama mbuzi, nawe umewatazama mbuzi wako ukaona ni kweli. Hebu isome tena barua yako. Jike wawili walipatwa na shida, nawe ukakesha nao ukiwatoa makondo usiku. Mbuzi wako hawakuachwa peke yao, walikuwa na mkunga, na mkunga huyo ni wewe. Asubuhi unapokuta kitoto kimesimama unafurahi na kuliita jambo la asili, lakini kila mfugaji ana asubuhi nyingine pia, ya kukuta mguu mmoja umetangulia na kichwa kimegeuka nyuma, na jike amekwisha kuishiwa nguvu. Asili ndivyo ilivyo, ina yote mawili. Tena binadamu ana ugumu ambao mbuzi hana, kwa sababu sisi tunatembea wima, nyonga zetu ni nyembamba na kichwa cha mtoto wetu ni kikubwa, hata humlazimu ageuke akiwa njiani ili apite.

Kwa wanawake wote ningeshauri kujifungulia mahali penye mkunga mwenye ujuzi na vifaa. Kwako wewe siwezi hata kuliita shauri, kwa sababu aliyewahi kukwama kondo na kutokwa damu nyingi ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kupatwa na jambo hilo tena. Damu baada ya uzazi haingojei kupambazuke. Kupoteza nusu lita tayari ni hatari, na mama anaweza kumalizika katika muda mfupi kuliko unaohitajika kumwamsha dereva wa bodaboda na kushuka naye mlima wenye matope ya Januari. Hospitalini hudungwa sindano ya oksitosini mara mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike, na damu ya kuongezewa huwa karibu. Nyumbani mama mkwe wako, pamoja na upendo wake wote, hana hata kimoja kati ya hivyo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Siamini kwamba kati ya miaka hiyo wanawake wa Tanzania waliongezeka imani kiasi hicho. Naamini zaidi kwamba wengi wao walifika kwa wakunga mapema.

Na juu ya imani yenyewe, nitazungumza kama mtu aliyelelewa kanisani. Maria alilaza mtoto horini kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, na Luka anaeleza hivyo waziwazi, kwa hiyo hori ni habari ya dhiki yao na si agizo kwa wajawazito wa Kilolo. Biblia hiyohiyo inawataja wakunga wawili kwa majina, Shifra na Pua, katika kitabu cha Kutoka, na inasema walimcha Mungu na Mungu akawatendea mema, ilhali Farao mwenyewe katika sura hiyo hakutajwa jina. Raheli, mke wa Yakobo, alijifungua njiani akiwa na mkunga kando yake, na bado akafariki. Sidhani kuna atakayethubutu kusema Raheli alikosa imani, ama kwa kuwa na mkunga, ama kwa kufa. Isitoshe, hapa Nyanda za Juu Kusini Injili na hospitali zimekua katika uwanja mmoja. Tazama Ilula hapo wilayani kwako, Tosamaganga, Ilembula, Ikonda kule Makete, Isoko kule Ileje: Walutheri, Wakatoliki na Wamoravian wote walijenga wodi kando ya kanisa, na masista na wachungaji waliozisimamia hawakuona kwamba wanampinga Mungu. Mwambie dada yako wa maombi, kwa upole, kwamba unaomba aombe nawe siku utakapokwenda hospitali.

Hata hivyo nashuku, mwanangu, kwamba kinachokuzuia si mahubiri yake. Ni yule muuguzi. Uliaibishwa ukiwa uchi na mwenye maumivu, mbele za watu, na moyo ulioaibishwa hutafuta sababu nzuri ya kutorudi mahali pale, na sababu iliyo nzuri kuliko zote ni ya kiroho. Alichokufanyia ni kosa, si tabia ya kuvumiliwa kwa kuwa alikuwa amechoka. Lakini adhabu ya kosa lake usiilipe wewe kwa damu yako. Una haki ya kwenda kituo kingine, na kwa historia yako ni vizuri zaidi iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Nenda mapema, ujulikane, umweleze mkunga wa zamu yaliyokupata mara ya kwanza, uulize kama wanaruhusu mwenzi wa kukaa nawe wakati wa uchungu. Kama hospitali iko mbali, uliza kuhusu nyumba ya mama ngojea, uhamie huko wiki za mwisho kabla mvua hazijafunga barabara. Mume wako, aliyekuachia uamuzi kwa heshima, sasa aambiwe kwamba heshima hiyo ina kazi zake: nauli iwekwe kando, dereva apatikane na namba yake iwepo, na watu wawili walio tayari kuchangia damu wajulikane mapema. Na siku yoyote kabla ya hapo ukiona damu, maji yamevuja, kichwa kinauma sana na macho yanaona maruwaruwa, uso umevimba, au mtoto amepunguza kucheza, safari ni siku hiyohiyo.

Wala usidhani kwamba ukivuka mlango wa hospitali umeacha njia ya asili. Unaweza kutembea wakati wa uchungu, kuchuchumaa, kuimba tenzi zako. Mtoto akitoka, omba awekwe kifuani pako ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, na asipewe maji ya sukari wala kitu kingine. Maziwa yale mazito ya manjano ya siku za kwanza usiyakamue kuyamwaga, na asije mtu akakuambia ni machafu. Wewe unajua dang'a ni nini: kitoto cha mbuzi huzaliwa bila kinga yoyote, na kikikosa dang'a saa za mwanzo huwa ni cha kufa. Mtoto wako atazaliwa na kinga aliyopata tumboni, lakini dang'a yako humwongezea ile ya utumbo na koo, ambayo haiuzwi dukani.

Kuhusu maziwa ya mbuzi katika miezi miwili, hapana. Shirika la Afya Duniani na wizara yetu ya afya wanasema neno moja, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, bila maji, bila uji, wala ulanzi, pombe ya mianzi, wa kuonjeshwa na babu, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mbuzi ni mazuri kwa mwanambuzi, ambaye hukua upesi mno. Kwa kichanga wa binadamu yana protini na chumvichumvi nyingi kuliko figo zake changa zinavyoweza kuchuja, na yana upungufu mkubwa wa foliki, vitamini inayosaidia mwili kutengeneza damu, kiasi kwamba mtoto anayelelewa kwa maziwa ya mbuzi pekee hupungukiwa damu. Kuyaongeza maji hakutibu neno, kunampunguzia tu chakula. Na katika banda lako la sasa kuna sababu nyingine ambayo nimekwisha kuieleza.

Je, maziwa yako ni mepesi? Maziwa ya mama huonekana mepesi kwa macho, hasa yale yanayotangulia mtoto anapoanza kunyonya, na yanayofuata huwa na mafuta zaidi, kwa hiyo amalize titi moja kabla hujamgeuza. Kulia si kipimo cha njaa. Watoto hulia kwa baridi, kwa gesi, kwa kutaka kubebwa, na kuna siku hasa karibu na wiki ya sita ambapo hunyonya saa zote kwa sababu wanakua. Kipimo ni uzito kwenye kadi ya kliniki, na nepi zilizolowa mara sita au zaidi kwa siku. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa, sawasawa na kiwele cha jike wako ambacho ukiacha kukikamua jioni chenyewe huanza kukauka. Ukimpa mtoto chupa ya mbuzi akashiba, hatanyonya. Asiponyonya, maziwa yako yatapungua. Na mama mkwe atasema, nilikuambia. Ndivyo yalivyoanza kukauka maziwa ya akina mama wengi niliowasikiliza.

Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu ya mkoa wetu. Katika utafiti wa 2022, karibu watoto 57 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, ambayo ni idadi ya juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa nchi ni 30. Huu ni mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi na viazi, kwa hiyo njaa ya ghala haielezi kila kitu. Ghala limejaa, lakini mama yuko shambani kutwa, na mtoto amebaki na uji mwepesi aliouanza mapema mno.

Kwa hiyo rudi kwa mama mkwe, na usiende na neno la Shangazi, nenda na Mithali hiyohiyo. Kaa naye chini jioni, umwambie: mama, nimeisoma ile sura, na ninaomba tuisome pamoja kuanzia mstari wa 23. Hapo inasema ufanye bidii kujua hali ya makundi yako. Ahadi ya maziwa inakuja mistari michache baadaye, kwa mtu aliyekwisha kujua kundi lake lina hali gani, na ninyi kwa sasa hamjui. Mweleze habari ya wale majike wawili, kwa sababu huenda hajui kwamba ugonjwa wa bandani unaweza kuingia nyumbani. Kisha mwonyeshe kwamba andiko linataja chakula cha watu wa nyumbani, nawe ni mmoja wao. Maziwa yakishachemshwa, akupe wewe kikombe asubuhi na jioni, na maharage, na majani ya maboga, juu ya vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, na kwa njia hiyo mbuzi wa babu watamfikia mjukuu kupitia kwako. Mtoto akitimiza miezi sita, mama ndiye atakayempikia uji wa kwanza, mzito, wenye maziwa yaliyochemka ndani yake. Nadhani atakubali, kwa sababu bibi anachotaka zaidi ni kuwa na sehemu katika malezi. Mpe na sehemu nyingine iliyo kubwa zaidi: mwombe yeye awe mwenzi wako hospitalini. Kwa mtu kama yeye kusimama kando ya kitanda chako, sioni muuguzi atakayekutolea maneno kama yale.

Kazi pia ipunguzwe. Mwanamke aliyeajiriwa, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hupata likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akizaa pacha. Mwanamke wa jembe hana sheria inayomtaja, ana mume tu, na wengine tunajua hilo lina maana gani. Mume wako amsome Elkana, ambaye mkewe Hana alipomwambia kwamba hatapanda Shilo mpaka mtoto aachishwe ziwa, alimjibu afanye aonavyo vema. Kama Hana aliruhusiwa kukosa hata safari ya ibada, wewe unaweza kukosa kubeba majani ya mbuzi. Amsome na Yakobo, aliyekataa kufuatana na Esau kwa mwendo wa haraka kwa sababu alikuwa na watoto wadogo na wanyama wanyonyeshao, akasema wakisukumwa siku moja tu, kundi lote litakufa.

Limebaki la kuwauza wale wawili kabla ya Krismasi. Msiwauze wakiwa hai mpaka majibu ya afisa mifugo yarudi. Atakayewanunua atawachanganya na kundi lake, na kwa wiki chache banda lake litakuwa kama lenu, pengine kuna mke mjamzito anayekamua huko pia. Wala msiwachinje wenyewe nyuma ya nyumba, mpaka afisa mifugo aseme wafanywe nini na nani awaguse. Vitu vya mtoto nunueni kwa gunia la maharage, au mwazime kwa wifi zako khanga kuukuu na nepi za watoto wao waliokwisha kukua. Ukipata majibu ya damu yako, niandikie.

Shangazi